Jina la Shilingi Hamsini

Piii! Honi ya lori la kwenda Mkange ililia nje ya duka la vipuri. Mama mmoja aliyenitangulia akaweka juu ya meza mnyororo wa pikipiki uliokatika. Mumewe, tarishi wa serikali, alikuwa amekwama Mkange. Barua zisipofika kesho, kazi hana.

"Mnyororo peke yake utakatika tena," alisema mwenye duka. "Chukua na magurudumu yake ya meno. Vyote shilingi hamsini."

Mama akafungua pindo la kanga. "Ninazo ishirini, bwana."

"Ipo seti moja, mtu ameilipia kidogo kidogo mpaka kamaliza. Kama ni mumeo, taja jina lake."

"Baba Mwanaidi."

"Hapa daftarini limeandikwa la kuzaliwa, mama."

Kwetu mke hatamki jina la mume, na huyu alikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa.

"Basi litaje wewe, bwana, mimi niitikie."

"Aa! Nani hataitikia?"

Honi ikalia tena. Chuoni nilifundishwa kuhesabu mizani za mashairi, silabi kwa silabi, lakini sijapata kuona mizani tatu nzito kama zile za jina hilo. Mama alivuta kanga hadi puani, akaugeukia ukuta.

"Salumu," akasema.