Saa Nane ya Nizwa

Tuliondoka Tabora kwa sababu ya moyo wa Rehema. Alikuwa mtoto wa mdogo wangu Zainabu, wa miaka sita, na alizaliwa na tundu katika moyo. Akitembea kutoka nyumbani hadi dukani alichuchumaa njiani mara tatu nne kutafuta pumzi, na midomo yake ikawa rangi ya zambarau zilizoiva. Daktari wa hapa alitwambia bila kuficha kwamba upasuaji huo haupatikani kwetu, na kwamba tusikae sana.

Bibi yetu mzaa mama aliwahi kumnyonyesha mtoto wa Kiarabu wa jirani, aliyefiwa na mama yake, pamoja na mama yetu. Mtoto huyo ndiye Bi Zuhra. Yeye na wanawe walihamia Omani zamani, wakakaa Ibra. Aliposikia habari za Rehema alituma neno: mleteni, huyu ni mjukuu wangu wa maziwa. Zainabu alikuwa na mtoto mchanga kifuani, hakuweza kusafiri. Mimi sina mtoto. Nikaenda mimi.

Zainabu alitusindikiza kwenye treni, stesheni ya Tabora. Alimfunga Rehema vifungo vya sweta, akanigeukia: "Dada, akipona, asipopona, rudi naye."

Nikamwambia nitarudi naye.

Dar es Salaam tulilala kwa jamaa siku mbili, kisha tukapanda ndege. Rehema aliizoea treni, akashangaa kimya cha kuondoka. "Mama mkubwa, mbona hili halipigi honi?" Nikamwambia juu hakuna ng'ombe wa kufukuza relini. Alilifikiri hilo mpaka akasinzia.

Uwanja wa Seeb tulifika mchana. Tuliposhuka, joto lilinipiga usoni, nikadhani ni la injini, nikasubiri tuipite. Tuliipita, na joto lilikuwa vilevile. Nje alitungoja Hamed, mtoto wa Bi Zuhra, mtu mzima wa rika langu, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa.

"Dada Mwajuma? Ahlan, karibuni. Na huyu ndiye bibi harusi?"

"Mimi mgonjwa," Rehema akamjibu.

Njia ya kwenda Ibra ilipita kati ya milima isiyo na jani. Nilitafuta mti niuone, nikachoka.

Ibra, Bi Zuhra alikuwa amesimama mlangoni kwa fimbo yake. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umechelewa miaka thelathini?" Akanishika paji la uso, akasema ni la mama yangu, akalia kidogo, kisha akafuta machozi na kuita watu wa nyumba yake wote. Akawatolea amri mbele yetu. "Huyu mtoto akiwa humu, Kiarabu kibaki nje pamoja na viatu. Sitaki ajione mgeni. Mnasikia? Wewe Asma hasa."

Asma alikuwa binti wa Hamed, wa miaka kumi na saba, mwanafunzi. Alizaliwa hapohapo Ibra. Kiswahili alikisikia kwa bibi yake tangu utoto, lakini hakujua kukisoma, na alikisema kwa kukwaruza. Ila amri ya bibi yake aliitii kuliko wote. Alimchukua Rehema chumbani kwake, akampa nusu ya kitanda, akawa anajifunza kwake.

"Rehema, leta kiti yangu."

"Siyo kiti yangu! Kiti changu!"

"Haya, mwalimu. Kiti changu. Na viatu changu."

"Vyangu! Da Asma, wewe mkubwa bure!"

Nyumba nzima ilicheka. Kwa siku zile Rehema alisahau kuchuchumaa.

Ijumaa moja ya mwanzo Asma alituletea mandazi kwenye sinia, akajisifu: "Leo mimi nimeamka saa tano, nimepika yote peke yangu."

Rehema akapiga kelele. "Saa tano! Jua lote lile! Da Asma mvivu!"

Bi Zuhra alicheka mpaka akashika ubavu. Akatufahamisha kwamba Asma amesema alfajiri. Kwa Kiarabu alfajiri ile ni saa ya tano, ambayo kwetu ni saa kumi na moja, naye analigeuza neno tu, hesabu anaiacha ya Kiarabu. "Maneno yetu, saa zake," alisema. Nami nilicheka. Naandika hili ili ijulikane kwamba nililisikia, na nilielewa.

Hospitali ya Ibra walimpima Rehema wakatuandikia kadi. Daktari wa moyo wa watoto alikuwa anakuja Nizwa kwa siku moja tu, Jumatatu, kuchagua watoto watakaopelekwa Maskati kupasuliwa. Kadi ilikuwa na siku. Saa tungeambiwa kwa simu.

Alhamisi, baada ya alasiri, simu ililia. Bi Zuhra alikuwa ametoka kwenda kunywa kahawa kwa jirani. Mimi nilikuwa bafuni namwogesha Rehema. Nilimsikia Asma akisema Kiarabu harakaharaka, kisha akaja kugonga mlango.

"Shangazi! Nizwa wamepiga. Jumatatu, saa nane."

"Saa nane?"

"Eeh, saa nane. Msichelewe, shangazi."

"Hatuchelewi," nikasema, nikaendelea kumsugua mtoto mgongo.

Chakula cha jioni Asma hakuwapo, alikuwa chumbani na vitabu vyake vya mtihani. Mimi ndiye niliyempa Hamed habari. Nilimwambia saa nane, kwa Kiswahili changu, naye akaisikia kwa Kiswahili alichozaliwa nacho Tabora. "Vizuri," akasema, "tutaondoka saa tatu, twende kwa raha." Lau Asma angemwambia baba yake mwenyewe kwa Kiarabu, saa ingejulikana. Lakini kulikuwa na amri ya bibi, na amri ile ilitolewa kwa ajili yetu.

Jumatatu tulitoka Ibra saa tatu asubuhi, Hamed, mimi na Rehema. Bi Zuhra alitusomea dua dirishani mwa gari. Tulipita Mudhaibi, tukapita Izki. Saa tano tulifika Firq, karibu kabisa na Nizwa, penye gereji nyingi. Rejeta ya gari ilikuwa inavuja, na Hamed akasema muda tunao, atengeneze kabisa. Tukakaa Firq mpaka saa saba. Ya Firq nitayasema mbele.

Nizwa, hospitalini, tulifika saa saba na nusu. Nakumbuka nilijisikia fahari kwa kuwahi. Ukumbi ulikuwa mtupu, mtu anapiga deki. Hamed akampa muuguzi kadi. Yule mama akatazama kadi, akamtazama mtoto, akasema maneno machache kwa upole. Hamed akamuuliza tena. Akajibu neno moja: thamania.

"Anasema nini?"

Hamed hakunigeukia. "Anasema walituita mara tatu. Daktari ameshaondoka na orodha yake."

"Si walisema saa nane?"

"Thamania, dada. Nane ya Kiarabu." Akavua kofia, akaishika mkononi. "Saa mbili asubuhi. Saa mbili yetu."

Rehema akaniuliza kama daktari yuko msalani. Nikamwambia amekwenda kwao. Akasema, "Basi na sisi twende kwetu."

Muuguzi alihangaika, lazima niseme hivyo. Alipiga simu mbili tatu, tukiwa tumesimama. Jibu likawa lilelile: daktari atarudi baada ya miezi mitatu, na jina la Rehema litakuwa la kwanza.

Njiani kurudi tuliipita Izki, Hamed akiendesha. Ndipo akasema, "Asma asijue. Ana mtihani, na mtoto yule anampenda kama nini sijui. Tutasema daktari alighairi kuja." Nikasema sawa. Sikuulizwa mara mbili.

Ibra, Bi Zuhra aliambiwa ukweli mlango ukiwa umefungwa. Akasema, "Ulimi wangu ndio uliotoa amri." Asma aliambiwa daktari alighairi, akamtukana daktari kwa Kiarabu, mara ya kwanza tangu tufike kuvunja amri ya bibi yake. Halafu akaenda kumnunulia Rehema aiskrimu.

Tulingoja. Ramadhani haikuwa mbali na joto lilizidi. Rehema alianza kuvimba miguu. Asubuhi nilibonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole, na alama ya kidole ilibaki. Aliacha kumsahihisha Asma. Asma alikosea makusudi, "kitanda mangu," "maji langu," akamtazama, na mtoto akageuza uso ukutani.

Mwezi wa pili wa kungoja Hamed alitupeleka Sur, kwenye nyumba ya jamaa yao, ili apate upepo wa bahari. Upepo ulikuwapo. Kwa siku nne alikula vizuri, na Hamed akamwahidi kumpeleka Qalhat kuona magofu. Siku ya tano akapata kikohozi. Tulimpeleka hospitali ya Sur, wakamwekea hewa puani. Asma alikuja kutoka Ibra na bibi yake, akakaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Jumatano, adhuhuri ikiadhiniwa, Rehema alinishika kanga, akasema anataka kukaa. Nikamkalisha. Akafa amekaa, ameniegemea.

Nilimwomba Hamed amuulize daktari wa Sur: angepasuliwa, angepona? Daktari alifungua viganja vyake. Alisema Mungu ndiye ajuaye, na kwamba hata waliochaguliwa Nizwa wengine walikuwa bado wanangoja zamu. Hamed alinitafsiria mara mbili. Nadhani mara ya pili aliongeza yake.

Alizikwa Sur siku ileile, baada ya alasiri, kwa kuwa ndivyo ilivyopasa. Wanawake hatukwenda. Tulimwosha mimi na Bi Zuhra, tukabaki ndani. Hamed aliporudi na vumbi kwenye kanzu aliniambia wameweka mawe matatu, kwa kuwa ni mtoto wa kike, na kwamba mahali ni pazuri. Nilichofikiri mimi ni stesheni ya Tabora.

Asma alinilalia mapajani akilia. "Shangazi, lau yule daktari asingeghairi." Mkono wangu ulikuwa kichwani pake. Nilikuwa na jibu, nikalimeza. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia au niliogopa. Jina lake hapa nimelibadilisha. Na hata likimfikia andiko hili, Kiswahili anakisema tu, hakisomi.

Uwanja wa Seeb, Bi Zuhra alinipa nguo za Rehema zimefuliwa na kupigwa pasi. Nilirudi na kiti kitupu pembeni yangu, akaja kukaa mzee mmoja, nikashukuru.

Tabora, Zainabu alikuwa ameshapata habari kwa simu. Siku ya tatu ya kufika kwangu nilimweleza yote: saa nane, bafuni, saa tano ya mandazi niliyoicheka, jinsi ambavyo ningeweza kuuliza asubuhi au mchana, maneno matatu tu, na sikuuliza kwa sababu nilijiona nimeshazoea nyumba ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto mchanga akinyonya.

"Ungenidanganya, dada," akasema. "Wenzio kule walijua kudanganya."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Huyo binti anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue." Akasimama, akanipa kisogo. Hakuja kwangu wiki nyingi. Nilijifunza kwamba ukweli nao ni mzigo, na mimi nilikuwa nimeutua wangu juu ya mtu aliyefiwa. Hata hivyo nisingeweza kukaa nao peke yangu, na hilo pia ni kweli.

Ilipopita arobaini alikuja asubuhi, mtoto mgongoni. Hakunisalimia. "Nieleze tena," akasema. "Anzia kwenye treni."

Nikaanza. Nilimweleza honi, mlango wa Bi Zuhra, viatu changu na viatu vyangu. Nilipofika Firq nikataka kupita upesi, kwa aibu, maana zile ndizo saa tulizokaa bure huku nafasi yake imeshapita. Zainabu akanishika mkono.

"Hapo usiruke. Alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia. Fundi mmoja wa Kihindi alimwekea tairi kuukuu kivulini akalie, akampa kopo la gololi za chuma zilizotoka kwenye magari. Rehema alizipanga chini kuanzia kubwa hadi ndogo. Hamed alipotaka kupita alimwamuru azunguke. Alikula sahani nzima ya wali na samaki, akaomba nyingine. Gololi moja ilimponyoka ikabiringika mpaka kwenye gari la watu, naye akaikimbilia, akairudisha.

"Alikimbia?"

"Alikimbia. Na hakuchuchumaa."

Zainabu akafungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akakaa mkekani. "Mlikaa hapo muda gani?"

"Mrefu."

"Basi sema polepole," akasema. "Anzia kwenye tairi."