Taa ya mzee na taa ya ng'ombe

Jamani, leo nimemzimia mzee wangu taa kaburini.

Fundi katoa boksi la zamani la fyuzi, lile mzee alikuwa anafunga waya mwenyewe, mbishi yule. Kaweka jipya, swichi nyingi, kila chumba na yake.

Jioni nikazima ya banda la ng'ombe.

Kule mgombani, kwenye kaburi la mzee, nako giza.

"Fundi! Umemzima babu yako!"

"Nisamehe bibi, nafasi zilijaa, nimemuunga na ng'ombe. Nimtoe?"

Hata kulia siwezi siku hizi.

Nikasema mwache. Ng'ombe akizaa, yeye alikuwa analala bandani. Mimi nikizaa, yuko mnadani Bomang'ombe.

Nikawawasha wote, nikaingia ndani.

Nyie mngemtoa?