Bei Niliyomtajia Mjukuu Wangu

Mungu amenisitiri, kwa hivyo aibu hii naisema mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwanasha hupiga picha za filamu kwa kukodishwa, hapa Msambweni. Juzi alikuwa akiswali adhuhuri simu yake ikalia, nikaipokea. Mama mmoja anayetengeneza filamu kuhusu wavuvi wa Mkwiro aliuliza Mwanasha hulipwa kiasi gani kwa siku. Mimi nimesomesha watoto Kurani chuoni umri wangu wote bila kutaja bei. Mzazi hutoa alichojaaliwa. Nikajibu, "Hana bei, mama. Mpe utakachojaaliwa." Nikajiona karimu, kumbe ni kwa jasho la mwenzangu.

Mwanasha alipomaliza kuswali nikamweleza, nikingoja shukrani.

"Babu! Kamera yenyewe naikodi! Akinipa nauli tu, mwenye kamera nitamlipa nini? Mimi hutoza elfu kumi na tano!"

"Niliona haya, mwanangu."

"Haya zako zitanifilisi!"

Hapo sauti ikatoka kwenye simu niliyodhani nimeikata: "Shikamoo, mzee. Nimesikia yote. Elfu kumi na tano nitalipa, na kamera nitaikodi mimi. Ila sasa nipe mwenyewe nizungumze naye."

Nikasema alhamdulillahi, nikamkabidhi simu yake.