Matairi makubwa, difu ileile: mlima wa Fizi ulivyotaka kuninyima mke

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Nimesoma uzi wa kijana aliyefunga matairi makubwa kwenye gari lake la porini, sasa analia kwamba limekuwa zito, halipandi kitu. Mmemjibu weee! Huyu anasema badilisha injini, yule anasema liuze. Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Mimi ni mzee wa Baraka, wilaya ya Fizi kule Kongo, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Umri unagonga tisini. Ninachoandika ni kweli tupu. Chumvi daktari alishanikataza, hata kwenye hadithi sitii.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako. Nilikuwa dereva wa tajiri mmoja pale Baraka. Gari lenyewe pikapu la jeshi, masalio ya vita, ukitaka linavuta kwa magurudumu yote manne. Napandisha samaki Fizi, nashuka na muhogo na mafuta ya mawese. Bamama wachuuzi wanakaa juu ya mizigo, wananicheka njia nzima.

Baraka iko chini, Fizi iko juu, katikati kuna mlima. Aliyepita pale hahitaji maelezo.

Sasa tajiri akapata matairi ya lori. Kwetu tunaita mapine. Akaamuru yafungwe, maana mawe yalikuwa yanatukwangua tumbo la gari kila safari.

Jamani, lilipendeza! Likasimama juu, nikawa nalizunguka tu nalifuta vumbi ambalo halipo.

Kumbe nguvu imekwenda na matairi ya zamani.

Barabara ya ziwa, ile ya kwenda Swima na Nundu, sikuona tatizo. Tambarare haimuumbui mtu. Lakini mlimani, kwenye kona moja kali, gia ya kwanza kabisa, gari likakohoa, likazima. Nawasha, linazima. Mwisho nikatoa kichwa dirishani: "Bamama, mushuke tusukume."

Wakashuka. Na bamama wa kwetu hawasukumi kimya. Mmoja anaanza, wenzake wanaitikia:

"Gari ya dereva iko na miguu!"
"Miguu gani?"
"Miguu ya bamama!"

Nilikasirika. Na wimbo wa njiani kwetu unakutangulia kufika nyumbani. Sokoni Fizi watoto walikuwa wanauimba hata sijazima injini.

Aibu yenyewe ningeimeza. Shida ni kwamba aliyeuanzisha ni Shangazi Faida, mchuuzi wa samaki, na pembeni yake alikuwa anasukuma binti wa kaka yake, Mapendo.

Wakuu, Mapendo nilimpenda mpaka nikawa napiga honi mahali pasipo na mtu. Na yeye alinitaka. Nilishamtuma mjomba wangu kwao kuposa. Lakini katika ukoo ule jibu la posa analileta shangazi, na akikataa shangazi hakuna wa kukata rufaa.

Jibu likaja: "Mutoto yangu hatasukuma gari mpaka azeeke. Siku gari yake itapanda na miye juu, pasipo kushuka, alete mbuzi zake."

Haya. Wenzangu wanapimwa kwa shamba, wengine kwa tabia. Mimi napimwa kwa kona.

Nikaenda kwa fundi wetu, Asukulu, rafiki yangu wa toka utotoni, tuliibia pamoja maembe ya misheni. Akalala chini ya gari, akatoka, akaniambia: "Injini iko nzima. Ni mapine. We unatwanga sombe na muchi ya kukushinda." Sombe ni kisamvu.

Niwaeleze wale wasiojua. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, na ndani yake kuna gia mbili. Ndogo inazungushwa na shafti, chuma kirefu kinacholeta nguvu ya injini, kubwa inazungusha magurudumu. Kwenye gari letu shafti ilizunguka karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi likiwa kubwa, mzunguko huo mmoja unakwenda mbali zaidi, injini inabeba zaidi kwa kila hatua. Mkono uleule, mchi mkubwa.

Dawa yake ni kutafuta difu ambayo shafti inazunguka mara nyingi zaidi. Tairi letu lilikuwa limekua kama sehemu moja ya tano, basi na hesabu ya difu ikue vivyo hivyo. Badala ya karibu mara tano, karibu mara sita. Hapo unarudi ulipokuwa, na urefu wa gari unabaki nao.

Tajiri hakutaka. "Utanipunguzia mbio kwenye barabara ya ziwa," akasema. Nikamwambia patron, mbio za tambarare hazina faida kama samaki wanaoza mlimani. Hilo la samaki lilimwingia. La Mapendo sikumwambia, halikuwa mali yake.

Mjini Uvira kulikuwa na magari ya jeshi mabovu ya aina ileile. Asukulu akainua magurudumu ya moja, akapiga chaki kwenye shafti na kwenye tairi, akazungusha kwa mkono, akahesabu. Ndiyo yenyewe. Akafungua difu ya nyuma. Ya mbele ilikuwa imekula kutu, ikakataa, na sisi tulikuwa na haraka. Mimi hasa. Tukasema ya nyuma inatosha, mbele si tunatumia kwenye matope tu?

Kijana wa ule uzi, hapa soma mara mbili.

Tukafunga. Nikajaribu mlima gari likiwa tupu, siku ya jua: likapanda linaimba. Nikamwita Shangazi Faida. Akaja na vikapu, na Mapendo, na bamama wenzake wa kushuhudia.

Usiku wa kuamkia safari mvua ilikuwa imenyesha. Chini ya kona, matope. Nikavuta fimbo ya kuingiza magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma, tukapita vizuri, bamama wakaanza kunisifu. Kisha tukatoka kwenye matope, tukakanyaga mwamba mkavu.

Difu hazilingani: mbele wanataka mwendo wao, nyuma wanataka mwendo wao, na wote wamefungwa kwenye injini moja. Matope yalikuwa yanawapatanisha kwa kuteleza. Mwamba hauna huruma. Gari likaanza kurukaruka, navuta fimbo nitoe magurudumu ya mbele, fimbo imekwama kabisa. Halafu tak! Shafti ya mbele imekatika.

Nikasikia sauti ya shangazi huko nyuma: "Bamama, tushuke. Miguu yetu inaitwa."

Mapendo alipita dirishani kwangu bila kuniangalia. Hilo liliniuma kuliko wimbo.

Asukulu na mimi tukarudi Uvira. Ile difu ya mbele tuliipaka mafuta, tukaigonga, tukaitukana kwa Kibembe na kwa Kifaransa, ikatoka. Tukafunga pamoja na shafti nyingine, tukahesabu mbele, tukahesabu nyuma, zikalingana.

Kazi ikawa kumrudisha shangazi ndani ya gari. Alikataa katakata. Aliyemrudisha ni Mapendo. Alimwambia, "Shangazi, kama unaogopa gari yake itapanda, sema tu." Mambo yakaishia hapo, shangazi akapanda akiwa amenuna.

Tukafika kwenye kona. Matope, nikaingiza mbele. Mwamba, nikatoa mbele, fimbo ikaja laini kabisa. Gari likapanda polepole, bila kukohoa. Nyuma kimya. Bamama wote kimya! Tulipotokea juu, shangazi akagonga paa la gari: "Mbuzi ziwe nono."

Ni kweli, tambarare mbio zilipungua. Tulipokuwa tunashuka na Mapendo baada ya ndoa, baiskeli ilitupita, akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyo nilimwahidi: kwenye ule mlima hutashuka tena. Tulizeeka pamoja pale Baraka, na ahadi nikaitunza.

Mapendo alinitoka miaka michache iliyopita. Alitaka azikwe Fizi, karibu na shangazi yake. Tukakodi gari la kumpeleka, zuri, jipya, matairi makubwa yametokeza nje. Nilipoyaona moyo ukanipiga, lakini msibani nani anauliza habari za difu?

Kwenye kona ileile likazima.

Dereva akageuka kwa aibu: "Bababa na bamama, mutusamehe. Mushuke."

Tukashuka wote, hata mimi na fimbo yangu. Bamama wakaweka mikono kwenye gari. Mmoja, mjukuu wa wale wa zamani, akaanza kwa sauti ya chini, "Gari ya dereva iko na miguu," na wenzake wakaitikia. Nililia, wakuu, na hapohapo nikacheka.

Maana sote tulikuwa chini kwenye matope. Yeye peke yake hakushuka.

Basi, kijana wetu: tairi likikua, na difu ikue, mbele na nyuma sawasawa. Chagua kwa ajili ya mlima wako, si kwa ajili ya tambarare. Na nyie wengine, kabla hamjanibishia, niambieni kwanza: mlima wenu ni upi, na likizima nani anashuka?