Foleni ya Mashati ya Korongo

Usiku ule usingizi ulinichukua kompyuta ikiwa mapajani, maneno mawili yakiwa yamenishinda kwa siku ya tatu. Yalikuwa ya kikaratasi kinachoning'inia kwenye shati la Korongo, chini ya picha ya bibi yangu: "Mikono ileile." Bosi wangu, dada Nuru, alitaka niyakubali au nilete bora zaidi kufikia asubuhi. Nilikuwa nimebakiza wiki moja ya majaribio katika kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.

Bibi Mwanaidi, mama yake mama, alishona kola katika kiwanda cha Korongo hapa Morogoro mpaka kilipofungwa. Enzi hizo bwana harusi bila shati la Korongo alionekana hajajipanga. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, likabaki jina. Ofisi yetu ndiyo inalimiliki, na haina hata sindano. Inalikodisha kwa yeyote anayelipa, ashone popote na vyovyote, mradi abandike nembo ya yule ndege kifuani. Kwenye usaili nilisema bibi yangu alifanya kazi kule. Nilisema ili wanipende. Walipoomba picha, niliitoa kwenye albamu ya mama bila kumwambia.

Ndotoni nilikuwa kwenye foleni, juani. Nilidhani ni ya hospitali kwa sababu watu walikuwa kimya, kisha nikaona kila mmoja ameshika shati. Nikajiuliza langu liko wapi, na kama nitafukuzwa kwa kutokuwa nalo. Sikuona mlango, lakini tayari nilikuwa ndani ya kiwanda. Cherehani zimerudi mahali pake. Wanawake wameinama juu yake, na wawili kati yao maziko yao nilihudhuria.

Bibi amekaa kwenye mashine ya tatu.

"Shikamoo, Bibi."

Haitikii. Naanza kuwaza kama marehemu huamkiwa hivyo, au nilipaswa kutoa salamu nyingine, au kunyamaza, na nikiwa bado nawaza mwanamke wa mashine ya pili anasema bila kuinua kichwa, "Mwanaidi, huyu ndiye mjukuu wako msomi? Mbona kasimama kama pasi iliyokatikiwa umeme?"

Wenzake wanacheka. Mabega yanatikisika, sauti haitoki.

Mwanamume aliye mbele yangu anaweka shati mezani. "Mama, nimelifua mara moja tu. Tazama kola."

Kola imebanduka kama ngozi ya lengelenge. Bibi anageuza lebo na kupitisha kidole chini yake. Alipokuwa hai alinieleza kwamba kila mshonaji wa kola alikuwa na uzi wa rangi yake, na aliacha fundo dogo chini ya lebo. Shati likirudishwa na kasoro, wakaguzi walijua wamwite nani. Wa kwake ulikuwa wa zambarau. Alisema aliitwa mara nne tu, na zote nne alizikumbuka.

Kidole kinatafuta, hakikuti kitu.

"Si langu," anasema.

"Sura ni yako," anasema yule mtu, na kukivuta kikaratasi.

Bibi anajitazama. Anasoma yale maneno mawili. Kisha anavuta shati kwake na kuanza kulishona upya. Kitambaa kinaachia kila sindano inapopita, anarudia, kinaachia. Nyuma yangu wanazidi kuingia.

Sasa tuko chumbani kwake, kwenye kitanda alichougulia. Cherehani iko juu ya shuka, foleni imepita sebuleni mpaka miguuni pake. Vidole vyake ni vilevile vya siku za mwisho, vimevimba, havikunji.

"Pumzika, Bibi."

"Nipumzike vipi, nawe umewaambia ni mimi?"

Nataka kumweleza habari ya majaribio, ya wenzangu waliomaliza chuo nami na bado wako nyumbani, na kwamba sisi wa ofisini hatushoni, tunaandika tu. Anaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, linasimama.

"Langu likirudi, niliitwa nikasimama. Haya nitayasimamia mpaka lini?" Ananitazama kwa mara ya kwanza. "Nitoe humo."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilimpigia dada Nuru kabla sijapata muda wa kufikiri, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Dada, naomba tuitoe ile picha."

"Vikaratasi vilichapwa Ijumaa, mdogo wangu. Maboksi yako njiani."

"Lakini uliniambia nilete maneno bora."

"Nilitaka na wewe ujisikie umo. Unajitesa bure. Nenda kaoge, uje kazini."

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza kama nimeota vibaya, maana alinisikia nikimwita bibi.

"Kasema tumtoe," nikamwambia.

"Tumtoe wapi?" aliuliza mama, ambaye kwa mikono yake alimwosha na kumvisha sanda.

Nilifungua picha ya kikaratasi kwenye simu, nikampa. Alikisoma polepole, midomo ikitembea, akafika chini, akarudi juu kwenye ile sura.

"Nani kawapa mama yangu?"

"Mimi, Mama."