Walipomrudisha Rais, Wakaniondoa Mimi

Mwaka 1978, mamluki wa kizungu walipotua kisiwani kwetu Ngazidja na kuiangusha serikali ya mapinduzi, nilikuwa sokoni Volo Volo, Moroni, nikimchagulia mke wangu kitambaa cha gauni. Redio ikatangaza kwamba utawala halali umerejea. Wauza samaki walisikiliza kidogo, kisha wakaendelea kuparua magamba. Mimi nilifurahi. Sikujua kuwa nami nimo katika waliopinduliwa.

Wiki iliyofuata nikavuka bahari hadi Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, kwa mke wangu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume huhamia na sanduku lake. Sanduku langu nililikuta nje, na baba mkwe kasimama mlangoni na kanzu ya Ijumaa, siku ya Jumanne. Alikuwa karani wa mahakama hadi mapinduzi yalipomfukuza kazi. Sasa kiti chake alikuwa amerudishiwa.

"Hongera kwa mapinduzi haya mapya, baba," nilisema.

"Mapinduzi gani? Sheria imerudi. Rais hakuacha kuwa rais hata siku moja. Alikuwa safarini."

"Miaka mitatu?"

"Watu husafiri."

Nikamkumbusha kuwa mkubwa wa mamluki waliomrudisha ni yuleyule aliyesaidia kumwondoa. "Basi amesahihisha kosa lake," akanijibu. "Na yote yaliyofanywa katikati ni batili. Ndoa yako imo."

Kusema kweli, alikuwa na hoja. Mtu wa Ngazidja kama mimi, asiye na ukoo wala jina Mutsamudu, asingepewa binti wa nyumba ile hata angekesha mlangoni. Ni vijana wa kamati ya mapinduzi waliomwendea mzee na kumweleza kwamba ubwana umekwisha. Akaniozesha. Sasa nilikuwa na binti wa mwaka mmoja mle ndani, nikimsikia analia, nami siruhusiwi kupanda ngazi. Nilimchukia mzee yule siku ile, nisifiche.

Tukaenda kwa kadhi.

"Fundi," alianza baba mkwe, maana ndivyo tunavyowaita wanazuoni, "nilitamka maneno ya kuozesha, lakini kijana mwenye bunduki alikuwa amekaa pembeni yangu, anakula sambusa zangu. Neno la aliyelazimishwa si neno."

Kadhi akamtazama. "Na rais alipopokelewa juzi, wenye bunduki walikuwa wapi?"

Baba mkwe alikohoa. "Walikuwapo."

"Basi kanuni hiyo tusiivute sana, itatufikisha mbali."

Akaamua nikaha irudiwe, kwa tahadhari. Mzee atamke tena, safari hii bila bunduki wala sambusa. Nilimwona baba mkwe akilegea. Alichotaka, nadhani, ni kuombwa kwa heshima tu. Kadhi akaongeza jambo moja: mwanamwali akiulizwa, kunyamaza kwake ni ridhaa, lakini huyu ni mama wa mtoto, lazima aseme kwa mdomo wake.

Mashahidi wawili wakaenda nyumbani, wakapanda ghorofani kumwuliza. Wakarudi wamekunja nyuso.

"Anasema atafikiri."

Baba mkwe nami tukatazamana, kwa mara ya kwanza tukiwa upande mmoja. Mchana kutwa tulikuwa tumebishana ni nani halali, rais yupi, ndoa ipi, na hakuna aliyewaza kwamba mke mwenyewe anaweza kukataa.

Nilikaa siku nne kwa rafiki yangu kule mtaa wa Hombo. Nilikuwa nikijisifu kwamba mapinduzi yalinipa mke. Sasa nilianza kuona aibu kwa neno hilo, "yalinipa". Niliikumbuka harusi yetu ya kwanza: mashahidi walimwuliza, akanyamaza, sote tukasema alhamdulillahi na kula.

Siku ya tano akasema ndiyo. Tumezaa wengine watatu tangu hapo. Mpaka leo sijathubutu kumwuliza ile mara ya kwanza alinyamaza akitaka kusema nini.