Siku Mjomba Bayingana Alipopimwa

Bayingana alipofariki mwaka huu, kabla ya Pasaka, dada yake Mukasine alimshukuru Mungu kwanza, ndipo akalia. Waliokuwapo walidhani msiba umemvuruga akili. Kumbe alikuwa akishukuru kwa sababu posa ya binti yake ilimfundisha kukaa na kaka yake angali hai.

Bayingana alikuwa fundi wa pasi na redio, mtaani Kimisagara. Kazi yake ilijulikana kuliko yeye. Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, alikuwa wa kwanza kushika jembe. Mkutano wa baada ya kazi ukianza, hayupo. Arusini alisalimu mlangoni, akageuza. Ndugu wengine walisema anaringa, wengine wakasema karogwa. Mukasine alimwombea novena baada ya novena, Mungu amfungue ulimi.

Ndipo Umuhoza, binti wa Mukasine, akapata mchumba. Baba wa Umuhoza alikwisha kufa, kwa hiyo siku ya posa kiti cha mwenye binti kilikuwa cha mjomba. Wasemaji wa kukodi wangetaniana wapendavyo, lakini neno la kumtoa binti halina budi kutoka kwenye ukoo. Bayingana akitoroka, wangeuficha wapi uso mbele ya wakwe?

Umutoni, rafiki wa Umuhoza, alikuwa akisomea saikolojia, akichunguza tabia ya watu ya kujitenga. Mukasine akamwita nyumbani ampime kaka yake. Kwake yeye, penye kipimo pana dawa.

"Mjomba, nitasoma sentensi," Umutoni akasema. "Utaniambia inakufaa kidogo, kiasi, au sana. 'Napenda kukaa peke yangu.'"

"Sana," Mukasine akajibu.

"'Hutafuta sababu ya kuondoka penye watu.'"

"Sana sana! Hiyo ipigie mstari."

Umutoni akaweka kalamu chini. "Mama Umuhoza, nampima mjomba au nakupima wewe?"

Bayingana akaangua kicheko. Mukasine hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu utoto wao kule Tanzania. Akaenda jikoni, ila masikio aliyaacha sebuleni.

"Watu unawaogopa, mjomba?"

"Siwaogopi. Nawapenda. Lakini wananichosha, kama redio isiyozimwa. Nikichoka, hata maneno mazuri siyasikii."

Walipomaliza, Umutoni alisema kwamba mjomba yuko juu sana kwenye kipimo.

"Haya, na dawa?"

"Mama, hatukupima malaria. Ni kama kupima urefu. Mtu mrefu humpi dawa, unamwinulia mlango."

Jibu hilo halikumpendeza Mukasine. Alimenya ndizi zote za chakula cha jioni akilinung'unikia. Lakini kesho yake akateremka mpaka kwenye kibanda cha kaka yake.

"Kaka, siku ile utakaa pembeni, karibu na mlango wa hema. Ukichoka, toka. Sitatuma mtu akufuate."

"Na neno?"

"Neno ni lako."

Siku ikafika. Clovis, msemaji wa upande wa wakwe, alikuwa hodari wa kejeli, hata kijana wa upande wake, mchumba wa Umuhoza, hakumsaza. Bayingana alitoka, akarudi. Akatoka tena, na hapo ndipo saa ya neno ilipowadia.

"Jamani, mwenye binti yuko wapi?" Clovis akauliza. "Au tumekuja kukiposea kiti?"

Hema zima likacheka. Umuhoza akamtazama mama yake. Mpwa mmoja akainuka aende kumtafuta mjomba. Mukasine akamshika mkono, akamkalisha. Alikuwa ameahidi. Akafumba macho, akaikamata rozari.

Alipoyafumbua, Bayingana alikuwa anaingia.

"Kumbe kiti kina mwenyewe! Mzee, wewe ni bubu?" Clovis akadakia.

"Si bubu. Nilikuwa nasikiliza." Bayingana akamwonyesha mchumba kwa mkono. "Tangu tukae hapa umemtania kijana wenu bila huruma, naye hakukasirika, wala hakukukatiza neno. Anayeweza kukusikiliza wewe, mke hatamshinda. Tunawapa binti."

Vigelegele vikapasua hema. Clovis mwenyewe alipiga makofi.

Chakula kilipogawiwa, Bayingana alikwisha kuondoka.

"Keshaanza kuringa tena," shangazi mmoja akasema.

"Amechoka," Mukasine akajibu. "Mtengeeni sahani, nitampelekea kesho."

Kesho yake alimkuta akichokonoa pasi. Akaweka chakula mezani, akageuka aende zake, asimchoshe.

"Dada, mbona una haraka?" Bayingana akasema, akimsogezea kigoda. "Kaa."

Akakaa. Hawakuzungumza hata neno, mpaka kengele ya misa ya jioni ikalia.